Kalenda iliyochorwa kwa tindikali: misimu ya mashambani katika chapa za Uholanzi za karne ya 17

Kati ya mwaka 1616 na 1618, katika mji wa Haarlem, mchoraji kijana aliyeitwa Jan van de Velde alitoa mifululizo ya chapa, yaani picha zilizopigwa kwenye karatasi kwa mabamba ya shaba, inayoufuata mwaka mwanzo hadi mwisho: majira manne katika mmoja, miezi 12 katika mwingine. Chapa za aina hiyo, zake na za wenzake, zimejaa watu wa mashambani wanaokata nyasi, wanaokamua ng'ombe, wanaochinja nguruwe na wanaoteleza juu ya mfereji ulioganda. Mtazamaji wa leo huziamini upesi, kwa sababu nyumba zilizochorwa ni za kawaida, ua umelegea na njia ina alama za magurudumu. Huona kama amefunguliwa mlango wa kijiji cha Kiholanzi cha miaka mia nne iliyopita.

Mlango upo, lakini haufunguki moja kwa moja kijijini. Ndani ya picha hizi zimo kalenda mbili zilizoshonwa pamoja. Ya kwanza ilirithiwa: ilikuwa na umri wa mamia ya miaka, ilizaliwa katika nchi zenye mizabibu na mashamba makubwa ya ngano, na ilimwambia mchoraji kazi gani aiweke katika mwezi gani hata kabla hajatoka nje kutazama. Ya pili ni ya mahali penyewe, yaani ya mifereji, malisho yenye maji, matuta ya mchanga ya pwani na barafu. Utata wa somo hili unatokana na kwamba wachoraji walizishona kalenda hizo kwa ustadi mkubwa, hata mshono ukawa mgumu kuuona.

Kwanza, mwaka wenyewe. Afrika Mashariki hugawa mwaka kwa mvua na pepo, na ndiyo maana masika, vuli, kaskazi na kusi ni maneno yanayoeleweka bila maelezo. Haarlem iko nyuzi 52 na kidogo kaskazini ya ikweta, na huko kinachotawala mwaka ni mwanga. Mwezi Juni jua hukaa angani karibu saa 17. Mwezi Desemba halifikishi saa 8. Mengine yote hufuata kutokana na hilo. Nyasi huota kwa nguvu kuanzia Aprili na hukoma katika majira ya kupukutika, miti inapoangusha majani, ng'ombe hutolewa zizini karibu na mwezi Mei na hurudishwa Novemba, na chakula chao cha miezi ya kufungiwa lazima kiwe kimekatwa, kimekaushwa na kurundikwa kabla mvua za baridi hazijaanza. Mkulima wa huko hakungoja mvua, kwa maana maji alikuwa nayo kupita kiasi. Alichokingoja ni joto na ukavu.

Kalenda ya kurithi ilianzia mbali na hapo. Katika Ulaya ya zama za kati, kazi za miezi 12 zilichongwa kwenye milango ya makanisa na kuchorwa katika vitabu vya sala vya matajiri, kila mwezi ukiwa na kazi yake na alama yake ya buruji: Kondoo, Ng'ombe, Mapacha na wenzao, zilezile ambazo wajuzi wa falaki wa pwani yetu huziita Hamali, Thauri na Jauza, kwa kuwa chanzo cha mbali ni kimoja. Kitabu mashuhuri kuliko vyote vya aina hiyo kilichorwa mwanzoni mwa karne ya 15 na ndugu watatu wa ukoo wa Limbourg, wenyeji wa Nijmegen, kwa ajili ya mtawala wa Kifaransa. Mpangilio ulikuwa thabiti. Wakati wa baridi watu huota moto au hula, Machi hulimwa au hukatwa matawi ya mizabibu, Julai na Agosti huvunwa, Septemba na Oktoba hukamuliwa zabibu na kupandwa mbegu, na mwisho wa mwaka huchinjwa nguruwe. Msanii hakutakiwa kubuni mpangilio huo. Alitakiwa kuutambua na kuupamba.

Aliyeuhamisha kutoka kurasa za vitabu vya sala hadi kwenye karatasi za kuuzwa dukani alikuwa, zaidi ya mtu mwingine yeyote, Hieronymus Cock, mchapishaji wa Antwerp, mji ulio katika Ubelgiji ya leo. Alimwagizia mchoraji Pieter Bruegel michoro ya majira manne. Bruegel alimaliza Majira ya Kuchipua mwaka 1565 na Kiangazi mwaka 1568, kisha akafariki mwaka 1569 kabla ya kufikia mawili yaliyobaki. Mchoraji mwingine, Hans Bol, alipewa kazi ya kukamilisha Majira ya Kupukutika na Baridi, na chapa zote nne zikatoka mwaka 1570. Kile Kiangazi kinastahili kutazamwa kwa utulivu. Mvunaji ameinua mtungi na kunywa kwa kiu kiasi kwamba uso wake haumo, na mguu wake umevuka ukingo wa picha na kukanyaga eneo la maandishi ya Kilatini lililo chini. Hapo mtu wa shamba anakanyaga maneno ya wasomi yanayodai kumweleza. Sijui chapa nyingine ya karne ile inayotangaza kwa uwazi hivyo kwamba kalenda ya kurithi ilikuwa imeanza kumbana mkulima aliyemo ndani yake.

Antwerp iliangukia mikononi mwa jeshi la Hispania mwaka 1585, na maelfu ya watu wakahamia kaskazini. Hans Bol naye alihamia kaskazini. Alifia Amsterdam mwaka 1593. Karel van Mander, mchoraji na mwandishi mzaliwa wa Flanders, alikaa Haarlem, na katika kitabu chake cha mwaka 1604 aliwahimiza wachoraji vijana waamke mapema, watoke nje ya lango la mji lifunguliwapo na wakayachore waliyoyaona. Ukoo wa van de Velde nao asili yake ilikuwa Antwerp: baba yake Jan alikuwa mwalimu mashuhuri wa kuandika hati nzuri, na binamu yake, Esaias van de Velde, alikuwa mchoraji na mchapaji wa mandhari. Kwa hiyo mapokeo ya misimu hayakuibuka katika ardhi ya Uholanzi. Yalifika pamoja na wakimbizi, ndani ya mafuko ya karatasi na mabamba ya shaba.

Haarlem ilikuwa na jambo la kuyapokelea. Hendrick Goltzius, bingwa wa kuchonga shaba aliyejulikana Ulaya nzima, alikwenda kwenye matuta ya mchanga ya nje ya mji na kuyachora kwa kalamu mwaka 1600 na 1603, bila hadithi ya Biblia wala ya miungu, ila ardhi tambarare na anga. Jacob Matham, mwanawe wa kambo, ndiye aliyemfundisha Jan van de Velde kazi. Mwaka 1614 kijana huyo alikubaliwa katika chama cha mafundi wa mji.

Hapa inafaa kueleza ufundi, kwa sababu bila huo haieleweki kwa nini misimu ilichorwa jinsi ilivyochorwa. Chapa ya tindikali hufanyika hivi: bamba la shaba lililosuguliwa hupashwa moto na kupakwa tabaka jembamba la nta iliyochanganywa na utomvu na lami, kisha huweusishwa kwa moshi wa mshumaa. Mchoraji hukwaruza tabaka hilo kwa sindano, na kila anapopita shaba huonekana iking'aa. Bamba likimwagiwa tindikali, shaba iliyofunuliwa huliwa na iliyofunikwa husalimika. Anayejua batiki ameshaelewa nusu ya kazi, kwa maana nta inayozuia rangi isiingie kwenye kitambaa na nta inayozuia tindikali isiingie kwenye shaba hufanya kazi moja. Baadaye nta huondolewa, wino husuguliwa ndani ya mifereji, uso wa bamba hupanguswa, na karatasi yenye unyevunyevu hubanwa juu yake kwa mtambo wa rola. Picha hutoka imegeuzwa, kulia kuwa kushoto.

Tofauti na njia ya zamani ni kubwa. Mchonga shaba husukuma patasi ndogo ya chuma ndani ya bamba, na mstari wake huvimba na kusinyaa kwa utaratibu uliohitaji miaka mingi ya mafunzo. Mwenye sindano huchora karibu kama mwenye kalamu. Mkono unaweza kutetemeka, kurudi nyuma, kuparura vichaka na kuacha ukuta wa udongo ukiwa na nyufa. Nyumba iliyoinama na paa la matete lililooza huchoreka vizuri zaidi kwa sindano kuliko kwa patasi. Tena, sehemu fulani zikizibwa mapema na nyingine kuachwa ziendelee kuliwa, mistari ya mbali hubaki myembamba na ya karibu huwa mizito, na kwa njia hiyo hewa yenyewe, yaani ukungu wa asubuhi au joto la adhuhuri, huingia katika picha. Jan van de Velde hakuacha patasi kabisa. Mara nyingi alichanganya njia mbili, na ndiyo maana anga zake zina mistari iliyopangwa sawasawa kuliko za binamu yake.

Mtu mwingine wa lazima ni Claes Jansz. Visscher, mchoraji na mchapishaji aliyekuwa na duka Amsterdam katika mtaa wa Kalverstraat. Karibu na mwaka 1611 au 1612 alitoa mfululizo wa chapa ndogo za mahali pa kupendeza kuzunguka Haarlem. Maandishi ya mwanzo yanawaambia wapenzi wa picha wasio na wakati wa kusafiri mbali kwamba sasa wanaweza kuyatazama maeneo hayo papo hapo. Maneno hayo yanamtaja mnunuzi bila kificho, naye ni mkazi wa mjini mwenye shughuli, anayetamani shamba lakini halilimi.

Wakati ulikuwa umemwandaa mnunuzi huyo. Mwaka 1609 Jamhuri ya Uholanzi na Hispania zilikubaliana kusimamisha vita kwa miaka 12, na watu waliweza tena kutembea nje ya kuta bila hofu. Miongoni mwa mahali alipopachora Visscher pamo magofu ya jumba la Kleef, ambalo kamanda wa Kihispania alilifanya makao yake wakati wa kuuzingira mji wa Haarlem na ambalo lililipuliwa mwaka 1573. Karibu na gofu hilo watu wanatembea kwa starehe. Mzee wa Haarlem aliyeinunua chapa hiyo aliweza kukumbuka njaa ya mzingiro, na picha iliyoitwa ya kupendeza kwake haikuwa nyepesi hata kidogo.

Visscher alichora pia viwanja vya kufanyia kitani kiwe cheupe, na hapo kalenda ya pili, ya mahali penyewe, inajitokeza. Kitani kilichofumwa kilichemshwa kwa maji ya majivu, kikalowekwa katika mtindi, kikaoshwa kwa maji safi yaliyochujwa na mchanga wa matuta, kisha kikatandazwa juani kwenye nyasi kwa wiki nyingi. Kazi hiyo haikuwezekana wakati wa baridi. Ilianza jua lilipopata nguvu na kukoma siku zilipofupika. Ilikuwa kazi ya msimu kwa ukamilifu wake, iliajiri wanawake wengi, na ilitegemea maziwa ya vijiji vya jirani. Lakini katika kalenda ya kurithi haikuwa na mwezi wake. Milango ya makanisa haikuijua. Kwa sababu hiyo iliingia katika chapa kama mahali, wakati kwa hakika ilikuwa pia majira.

Mshono huo ukishaonekana mahali pamoja, huonekana na kwingine. Oktoba katika kalenda ya zamani ya Kiholanzi uliitwa mwezi wa divai, na picha za majira ya kupukutika zilirithi mapipa na zabibu, ilhali jimbo la Holland halikuwa nchi ya mizabibu. Divai ilifika kwa mashua kupitia mto Rhine na kwa meli kutoka Ufaransa. Pipa lililowekwa kwenye picha ya Oktoba lilimwambia mtazamaji kweli mbili zisizofanana, yaani desturi ya kale ya wasanii na biashara ya bandarini, na hakuna kati ya hizo inayomhusu mkulima wa Holland.

Ngano ni tatizo gumu zaidi, kwa sababu hapo uongo si mzima. Nafaka ilivunwa kweli katika sehemu za mchanga karibu na Haarlem, katika Zeeland na katika majimbo ya mashariki. Hata hivyo, katika karne ya 17 mkate wa miji ya Holland ulitegemea kwa kiasi kikubwa nafaka iliyoletwa na meli kutoka Bahari ya Baltiki, na wakulima wengi wa nyanda za chini walikuwa wameigeuza ardhi yao yenye maji kuwa malisho ya kutengenezea siagi na jibini. Kwa mkulima wa namna hiyo mavuno makuu yalikuwa nyasi za Julai, na hapo kalenda ya kurithi iliafikiana naye kwa bahati, kwa kuwa kukata nyasi kulikuwemo ndani yake tangu zamani. Huenda ndiyo sababu picha za kukata na kurundika nyasi zina uhai kuliko za kuvuna ngano. Ghala la nyasi la Kiholanzi lenyewe ni kipimo cha msimu: nguzo ndefu zimezunguka rundo, na paa hupandishwa au kushushwa kufuata kimo chake, hivyo mwisho wa kiangazi paa liko juu na mwisho wa baridi liko karibu na ardhi. Rembrandt, mchoraji mashuhuri wa Amsterdam, alilichora moja mwaka 1641, likiwa kando ya nyumba ya shamba, na Amsterdam ikionekana kwa mbali.

Novemba ulikuwa mwezi wa kuchinja, na hapa kalenda mbili zilikutana bila ugomvi. Mnyama ambaye hangelishwa hadi Aprili alichinjwa, na nyama ikatiwa chumvi au ikafukizwa moshi. Si nguruwe tu. Makumi ya maelfu ya maksai waliswagwa kila mwaka kutoka Denmark na nchi za jirani, wakanenepeshwa katika malisho ya Holland wakati wa kiangazi, na kuuzwa majira ya kupukutika kwa familia za mjini zilizoweza kumudu. Adriaen van Ostade wa Haarlem, aliyeacha chapa za tindikali zipatazo 50, alichora kuchinja nguruwe usiku ndani ya picha ya duara. Mwaka 1643 Rembrandt alimchora nguruwe jike amelala chini akiwa amefungwa miguu, nyuma yake wakiwa watu na watoto. Linalomngojea linaeleweka bila jina la mwezi kuandikwa. Uchinjaji ulikuwa kazi ya shambani ambayo watu wa mjini waliijua kwa macho yao, kwa sababu ilifanyika pia katika nyua zao. Ndiyo maana picha zake hazina ule ulaini wa kutazama kwa mbali.

Kuhusu baridi watu hupenda jibu moja. Karne ile ilikuwa sehemu ya kipindi ambacho wataalamu wa hali ya hewa hukiita enzi ndogo ya barafu, na baridi ya mwaka 1607 kuingia 1608 ilikuwa kali sana. Hendrick Avercamp, mchoraji wa Kampen ambaye alikuwa bubu, alianza kutia tarehe kwenye michoro yake ya barafu mwaka 1608. Kwa hiyo, husemwa, barafu ya kwenye picha ni barafu ya kwenye mifereji. Jibu hilo lina ukweli lakini halitoshi. Watu wanaoteleza walikwisha kuchorwa na Bol katika Baridi ya 1570, na na Bruegel kabla yake mbele ya lango la Antwerp. Kilichobadilika kaskazini ni nafasi yao. Katika kalenda ya kurithi, mtu wa baridi alikuwa mzee anayeota moto ndani ya nyumba. Waholanzi walimtoa nje, wakamweka katikati ya umati wenye viatu vya chuma vya kutelezea, magari ya barafuni yanayovutwa na farasi, na wachezaji wa kolf wenye fimbo na mpira. Msimu wa kufungiwa ukageuka kuwa msimu wa kukutana, na njia ya maji iliyokuwa ya mashua ikawa barabara ya kila mtu, tajiri na maskini, ingawa anayetazama kwa makini ataona kwamba hata barafuni kila tabaka lina kundi lake.

Kuna na sababu ya karakana, ambayo naona haipewi uzito wake. Theluji katika chapa ni karatasi isiyoguswa. Paa lenye theluji huchorwa kwa kuacha kuchora, na mstari mmoja wa ukingo hutosha. Barafu hupatikana kwa mistari michache ya kulala. Mti usio na majani ni zawadi kwa sindano, kwa maana matawi yake ni mistari tayari, ilhali mti wa Juni hudai maelfu ya mikwaruzo midogo ili uonekane na majani bila kuwa doa jeusi. Wachapaji waliokuwa wakitafuta njia ya kuonyesha mengi kwa kidogo walipata katika baridi msimu unaoafikiana na chombo chao.

Swali la kwa nini mifululizo, na si picha moja moja, lina jibu la kibiashara kwa kiasi kikubwa. Anayenunua Januari hatapenda kukosa Desemba. Miezi ya mwaka, majira manne, elementi nne (udongo, maji, hewa na moto), nyakati nne za siku, ziliuza seti, na van de Velde alizichora karibu zote. Mwaka 1616 Visscher alitoa mkusanyo wa van de Velde wa mandhari 60, na hizo hazikuhitaji hata kisingizio cha kalenda. Jina la Kilatini chini ya picha na alama ya buruji juu angani viliifanya karatasi isomeke Paris na Nuremberg sawasawa na Amsterdam, wakati nyumba na mitumbwi iliyomo ilibaki ya Holland. Msimu ulikuwa lugha ya pamoja ya soko la Ulaya. Mahali ndipo palipokuwa na kitu cha pekee cha kuuza.

Kwa hiyo ni nani aliyekuwa akionyeshwa? Wakulima wa kwenye chapa hizi ni wadogo, mara nyingi wametupa mgongo, na hutambulika kwa kazi zaidi kuliko kwa nyuso. Kodi ya ardhi haimo, wala deni. Hata mabadiliko makubwa ya ardhi ya wakati ule yamo kwa uchache mno. Mwaka 1612 ziwa la Beemster, lenye hekta zipatazo 7,000, lilikaushwa kwa vinu vya upepo kwa fedha za wafanyabiashara wa Amsterdam na wenzao, na ardhi mpya ikagawanywa kwa mistari iliyonyooka kama daftari la hesabu. Ilikuwa kazi ya ajabu, ilifanyika miaka ileile na umbali mfupi tu kutoka Haarlem, na iliongeza malisho ambayo ndiyo msingi wa jibini na siagi. Lakini wachapaji walipendelea kibanda kilichoinama kwenye tuta la mchanga. Mwenye kununua alikuwa pengine na hisa katika ardhi mpya, ila ukutani alitaka ya zamani. Ostade alikaribia zaidi watu wenyewe, akaingia nao ndani ya nyumba na baa na kuwachora wakicheka, wakicheza na wakilea watoto. Hata yeye aliishi mjini na aliuza mjini.

Kufikia miaka ya 1640 jina la msimu linaanza kudondoka. Jacob van Ruisdael, mchoraji wa mandhari, alitoa chapa ya shamba la nafaka mwaka 1648 bila Kilatini, bila buruji, bila mwezi. Chapa kubwa ya Rembrandt ya miti mitatu, ya mwaka 1643, yenye upana wa sentimita 28 hivi, haikutajiwa msimu wowote, nayo ina msimu kuliko nyingi zilizotajiwa. Majani ni mazito na mvua imepasua upande wa kushoto wa anga kwa mistari iliyonyooka na mikali. Mbali, kwenye uwanda ulioangaziwa ghafla, watu wadogo kama punje wanaendelea na kazi. Kando ya maji yupo mvuvi, na mwanamke yuko karibu naye. Juu ya kilima yupo anayechora, naye ameupa mgongo uwanda huo wote, na ndani ya kichaka cha mbele, katika giza la mistari, wamejificha wapenzi wawili ambao watazamaji wengi hawawaoni kamwe. Mambo hayo yote yangekuwa yameenea katika karatasi tatu za kalenda: wapenzi wa Mei, kazi za Julai, dhoruba ya Agosti. Rembrandt ameyaweka katika robo saa moja ya kiangazi. Kutoka mwezi tumefika kwenye hali ya hewa, na sidhani kama kuna badiliko kubwa zaidi ya hilo katika historia yote ya chapa hizi.

Mwaka 1651 Rembrandt alirudi kule alikoanzia Visscher. Chapa yake ya uwanda karibu na Haarlem, yenye shamba la Saxenburg lililokuwa mali ya Christoffel Thijs, ambaye Rembrandt alikuwa na deni lake la nyumba, inaonyesha vipande virefu vya kitani vilivyotandazwa kwenye nyasi, na kanisa kuu la Haarlem likisimama nyuma. Vipande hivyo ni karatasi tupu kati ya mistari, kama ilivyokuwa theluji ya wenzake. Viko juani, kwa hiyo ni majira ya joto, na hakuna aliyehitaji kuandika hivyo. Mandhari yenyewe imegeuzwa, kwa kuwa alichora moja kwa moja kwenye bamba kufuata macho yake na hakujali kwamba mtambo ungeigeuza. Anayetaka kuitumia kama ramani lazima aitazame kwenye kioo.

Jambo la mwisho ni la tahadhari kwa anayezitafuta chapa hizi leo, kwa mfano katika hifadhi ya Rijksmuseum, makumbusho ya taifa yaliyoko Amsterdam, ambayo imeweka picha zake nyingi kwenye intaneti bila malipo. Bamba la tindikali halitoi nakala nzuri bila kikomo, kwa kuwa mistari myembamba huchakaa kabla ya minene. Mistari ya mbali ndiyo iliyoliwa kwa muda mfupi zaidi, kwa hiyo anga, ukungu na upeo wa macho hutoweka kwanza, na miti ya mbele husimama peke yake kwenye weupe. Wachapishaji waliendelea kuyatumia mabamba kwa miaka mingi baada ya wachoraji kufariki, wakiyachonga upya yalipofifia. Nakala ya mwishomwisho ya asubuhi ya Mei yaweza kuonekana kama siku ya Februari, na hukumu yoyote juu ya namna mchoraji alivyouona msimu inapaswa kuanza kwa kulinganisha nakala mbili au tatu za bamba lilelile.